Samaki Wapangaji: Usiwachague kwa Rangi!

Wiki hii tunaingia sebuleni. Nina jamaa yangu mmoja, jirani hapahapa Mikocheni, alioa, akahamia nyumba mpya, akanunua makochi, akanunua zulia. Akaona sebule bado haijakamilika. Akaenda zake duka moja la samaki wa mapambo, akajibebea tangi la kioo la futi mbili na samaki kumi na wanne. Alichagua mwenyewe: wa bluu wawili, wa njano watatu, mwenye milia na nundu kwenye paji mmoja, wale wadogo wenye mikia kama khanga sita, na goldifishi wawili.

Jioni wageni walijaa, soda zikanywewa, kila mtu akasifia. Alfajiri simu ikalia.

"Kaka, njoo uone. Wale wenye mikia ya khanga hawapo."

"Wameruka?"

"Wataruka vipi na mfuniko upo?"

Nikaenda. Yule mwenye nundu alikuwa katulia kwenye kona, tumbo limemjaa, hana habari na mtu. Goldifishi mmoja mkia umebaki vijiti vitupu. Wa bluu, mmoja alikuwa anamfukuza mwenzie huku na huku kama mgambo na muuza karanga. Shemeji kasimama na khanga yake begani, anauliza: "Hivi tumenunua samaki au tumenunua ugomvi?"

Nikamgeukia jamaa: ulichagua kwa kuangalia nini? Akajibu neno moja tu: "Rangi."

Hapo ndipo penye kasheshe. Ndugu msomaji, kuchagua samaki wa kuishi pamoja ni kama kupangisha nyumba yenye vyumba sita na choo kimoja. Humuulizi mpangaji shati lake lina rangi gani. Unamuuliza katoka wapi, anakula nini, na ana hasira kiasi gani.

KATOKA WAPI?

Samaki hawa wenye rangi kali, wengi wao ni ndugu wa sato na perege unaowajua kwenye sahani. Wataalamu wanauita ukoo huo sikilidi. Cha kuchekesha, watu wanadhani wametoka Ulaya, kumbe ni wa kwetu. Yule mwenye nundu anaitwa frontosa, nyumbani kwake Ziwa Tanganyika, lile lenye kina cha karibu mita 1,470. Wale wa bluu wanaitwa demasoni. Wanapatikana upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa, kwenye miamba ya Pombo, na walipewa jina la kitaalamu mwaka 1994. Wapo Wajerumani na Wamarekani wanaotoa dola nzuri kuwafuga, na sisi tunapishana nao bila kuwajua.

Maziwa yote mawili yana maji magumu, yenye asili ya magadi, yaani pH kama 8 hivi na kupanda. Goldifishi yeye anapenda maji ya baridi zaidi, tena ni mzito wa kukimbia. Kumweka na demasoni ni kumpeleka kibogoyo kwenye mashindano ya kula mahindi ya kuchoma.

Wenzangu wa pwani ya Dar, angalieni kitu kimoja: maji ya kisima yenye chumvi si sawa na maji magumu ya ziwa. Ukiyaonja ukasikia chumvi, usiyamimine. Tumia ya bomba, lakini yaache kwenye ndoo wazi siku nzima ili dawa itoke, au uweke dawa ya kuondoa klorini. Jiwe la matumbawe makavu, lile linalochimbwa nchi kavu, likioshwa vizuri linasaidia kufanya maji yawe magumu. Matumbawe ya baharini waachie wenyewe, ni nyumba ya samaki wengine.

ANAKULA NINI?

Demasoni na wenzake wa miambani, ambao kule Ziwa Nyasa wanaitwa mbuna, wengi wao kazi yao ni kukwangua ukoga wa kijani kwenye mawe. Tropheus wa Tanganyika naye hivyohivyo. Ukimzoesha minofu na viluwiluwi vya mbu kila siku, tumbo linavimba, anakataa kula, siku chache kaburi. Frontosa yeye ni mla samaki. Anawinda giza likiingia, wenzie wakiwa wamelala. Sasa wale wenye mikia ya khanga unafikiri walipotelea wapi? Jamaa yangu hakununua wapangaji, alinunua mpangaji na chakula chake cha usiku!

Kanuni ni rahisi: samaki anayeingia kwenye mdomo wa mwenzie, ipo siku ataingia. Frontosa anafika zaidi ya sentimita 30 akikua, kwa hiyo usimpime kwa alivyo leo.

ANA HASIRA KIASI GANI?

Demasoni ni mdogo, hafiki urefu wa kidole chako cha kati, lakini ana roho ya bondia. Ukiweka wawili, mmoja atamuua mwenzie. Ukiweka watatu, wawili watakufa kwa zamu. Dawa yake inashangaza: weka kumi na wawili au zaidi kwa mpigo, madume yakiwa machache na majike mengi. Mbabe anapokosa wa kumwonea peke yake, hasira inagawanyika, kila mtu anaambulia kidogo na hakuna anayekufa. Ila hapo unahitaji tangi la futi nne kwa moja na nusu kwa moja na nusu, karibu lita 240. Maji peke yake yana uzito kuliko magunia mawili ya mahindi, kwa hiyo usiliweke juu ya meza ya kahawa ukaniletea lawama.

Mwenzi mzuri wa demasoni ni yule wa njano wa Ziwa Nyasa, Labidochromis. Mpole kwa viwango vya kwao, na rangi yake haimchokozi jirani. Maana rangi ina kazi moja tu hapa: kukuonya. Dume akimwona dume mwingine anayefanana naye, anajua kaja kumpora mke. Tofauti na hapo rangi inadanganya. Tropheus duboisi akiwa mtoto ni mweusi mwenye madoa meupe kama nyota. Akikua nyota zote zinafutika, anabaki na mkanda mmoja mwilini. Ulinunua nyota, umebaki na mkanda!

Ukiongeza mgeni, zima taa, panga mawe upya, ndipo umtie. Wenyeji wakiamka wanakuta mtaa umebadilika, kila mmoja anatafuta kwake, hakuna mwenye ubavu wa kumuuliza mgeni hati ya kiwanja.

Na wewe uliyepanga chumba kimoja Kinondoni au Temeke, usinung'unike. Tanganyika kuna samaki wa sentimita nne au tano wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Tangi la lita 60, mchanga, makombe kadhaa, basi. Ila waishi wenyewe, usiwaletee majitu.

MPANGAJI MJANJA

Yupo pia kambale mdogo wa Tanganyika mwenye madoadoa, Synodontis multipunctatus. Anavumilia vurugu, watu wanampenda. Lakini mjue tabia yake. Sikilidi wengi hutamia mayai mdomoni. Mama anapotaga na kuyaokota, kambale anapenya katikati na kutaga ya kwake. Mama anayabeba yote. Ya kambale yanaanguliwa mapema, halafu vitoto vinakula watoto wa mwenye mdomo, mlemle mdomoni! Kubambikiwa mtoto hakukuanzia Sinza, ndugu yangu.

TANGI KUBWA KULIKO YOTE

Usione ni mchezo wa sebuleni tu. Ziwa Victoria nalo lilikuwa na sikilidi wake, Mwanza wanawaita furu, aina mamia kwa mamia. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 watu waliona ziwa linahitaji samaki mkubwa wa biashara, wakamwingiza sangara. Kwa miaka mingi kimya. Ilipofika miaka ya 1980 furu wakapukutika, aina nyingi hazikuonekana tena. Sangara hakufanya peke yake, uchafu wa maji na uvuvi vilimsaidia. Wala hatukatai, kaleta viwanda vya minofu na ajira. Lakini wapo furu walionusurika kwa sababu tu kuna watu waliwafuga kwenye matangi huko Ulaya na Marekani. Samaki wa Mwanza, mkimbizi wa kwenye kioo!

Kwa hiyo tangi lako la Mikocheni ukikosea, utazika samaki kumi na wanne. Ziwa likikosewa, hakuna duka la kwenda kununua wengine. Ndiyo maana nakuomba, ukichoka na samaki wako usiwamwage mtoni wala bwawani. Mrudishie muuzaji au mpe mwenzio.

Jamaa yangu? Frontosa kahamia kwa mtu mwenye tangi la kumtosha. Goldifishi na mkia wake wa vijiti kapewa mtoto wa dada yake mtu, na mwenzie kamfuata. Yeye kanunua tangi la futi nne, kakaa mwezi mzima na maji matupu na kichujio kinazunguka ili maji yakomae. Juzi ndiyo katia demasoni kumi na watano na wa njano sita, siku moja.

Shemeji bado anahesabu kila asubuhi kabla ya chai. Mpaka naandika, wametimia ishirini na mmoja.