Wafugaji wanaogeuka watetezi wa wanyama: Deni ndilo kikwazo, si ugumu wa moyo

NI nadra kwa mfugaji kuacha kazi aliyorithi kutoka kwa babu zake kisha asimame hadharani kuipinga. Aghalabu anayeacha ufugaji huuza mifugo, akalipa madeni na kunyamaza.

Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 30 sasa kumekuwa na kikundi kidogo cha wafugaji katika nchi za Magharibi ambao wameyaacha mazizi na mabanda yao na kujiunga na waliokuwa mahasimu wao, yaani watetezi wa wanyama. Idadi yao ni ndogo, lakini kauli zao zina uzito ambao mwanaharakati wa mjini, asiyewahi kumzalisha ng'ombe usiku wa manane, hawezi kuufikia.

Anayejulikana zaidi miongoni mwao ni Howard Lyman wa jimbo la Montana, Marekani. Lyman alikuwa wa kizazi cha nne cha wakulima na wafugaji katika ukoo wake. Alisomea kilimo chuoni, akarejea nyumbani na kuligeuza shamba la familia kuwa biashara kubwa yenye maelfu ya ng'ombe walionenepeshwa kwa nafaka na dawa. Mnamo 1979 alipatikana na uvimbe katika uti wa mgongo uliompooza kuanzia kiunoni. Alifanyiwa upasuaji, akatembea tena, na baadaye alisimulia kwamba ni katika kitanda hicho cha hospitali alipoanza kujiuliza alikuwa akiifanyia nini ardhi yake.

Lakini hapa pana jambo ambalo wanaomsifu hulipita upesi mno. Lyman hakuacha ufugaji kesho yake. Alirejea shambani na kuendelea. Aliuza sehemu kubwa ya shamba 1983, wakati ambapo madeni yalikuwa yakiwafilisi wakulima wengi wa Marekani, naye akiwa miongoni mwa waliolemewa. Baada ya hapo ndipo alipokwenda Washington kuwa mtetezi wa wakulima wadogo, na ilipita miaka kadhaa kabla ya kuacha kabisa kula nyama, maziwa na mayai. Deni lilimtoa shambani kwanza, na imani ikakomaa baadaye.

Jina lake lilivuma Aprili 1996 alipoalikwa katika kipindi cha televisheni cha Oprah Winfrey. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, serikali ya Uingereza ilikuwa imekiri kwamba huenda ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulikuwa umewaambukiza binadamu. Lyman aliwaeleza watazamaji kwamba ng'ombe wa Marekani nao walikuwa wakilishwa mabaki ya ng'ombe wenzao yaliyopikwa na kusagwa kuwa unga. Winfrey alishtuka, akasema hatakula tena mkate wa nyama ya kusaga. Bei ya ng'ombe ilishuka na wafugaji wa Texas wakawashtaki wote wawili wakidai fidia ya zaidi ya dola milioni 10, kwa kutumia sheria ya jimbo hilo inayokataza kukashifu vyakula vinavyoharibika upesi.

Kesi hiyo ilisikizwa mjini Amarillo, katikati ya eneo linalotegemea ng'ombe kwa riziki. Licha ya hayo, Februari 1998 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba washtakiwa hawakuwa na hatia. Wakati huo, serikali ya Marekani ilikuwa tayari imepiga marufuku, 1997, kuwalisha ng'ombe na wanyama wengine wanaocheua sehemu kubwa ya mabaki ya aina hiyo. Huenda mtu asikubaliane na Lyman kuhusu nyama. Kuhusu lishe ya ng'ombe, aliyekuwa ndani ndiye aliyesema lililofichwa.

Kisa cha pili kinatoka Derbyshire, Uingereza, nacho ni kinyume cha cha kwanza. Jay Wilde alikuwa amekataa kula nyama kwa miaka mingi huku akiwafuga ng'ombe walioishia machinjioni. Alilirithi shamba baada ya kifo cha babake 2011. Aliacha biashara ya maziwa kwa kuwa hakustahimili kuwatenga ndama na mama zao, akahamia ng'ombe wa nyama, na huko akakuta kwamba siku ya kuwapakia kwenye lori ni ngumu vilevile. Hatimaye, 2017, aliwatoa ng'ombe wake kwa hifadhi ya wanyama huko Norfolk badala ya kuwauza, ingawa thamani yao ilikisiwa kuwa makumi ya maelfu ya pauni. Filamu fupi kuhusu uamuzi huo, '73 Cows', iliyoongozwa na Alex Lockwood, ilishinda tuzo ya BAFTA 2019.

Swali la kujiuliza si kwa nini Wilde aliwahurumia ng'ombe wake. Wafugaji wengi huwahurumia, na anayedhani vinginevyo hajakaa na wafugaji. Swali ni kwa nini mtu aliyekwisha kusadiki alichelewa kiasi hicho. Jibu ni shamba la urithi, kazi pekee aliyoifahamu, na hofu ya majirani ambao wangemwona mwendawazimu kwa kugawa mali bure.

Kwa wenye mikataba na kampuni kubwa za kuku, kifungo ni kikali zaidi. Craig Watts wa North Carolina, Marekani, aliwafuga kuku wa nyama kwa zaidi ya miaka 20. Katika mpango huo kampuni ndiyo mwenye vifaranga, chakula na dawa, na ndiyo hupanga malipo. Mfugaji humiliki mabanda na mkopo wa kuyajenga. Mizoga pia ni yake. Mnamo Desemba 2014 Watts aliwafungulia milango wapiga picha wa shirika la Compassion in World Farming, na ulimwengu ukaona kuku waliofugwa kunenepa upesi hadi miguu ikashindwa kuwabeba, vifua vikiwa vyekundu bila manyoya. Alisema wazi kwamba hakuwa akivunja masharti yoyote. Hivyo ndivyo mkataba ulivyotaka.

Baadaye Watts aliachana na kampuni hiyo na kuwa miongoni mwa wanaohimiza wenzao watoke. Njia moja ni mpango ulioanzishwa 2019 na shirika la Mercy For Animals, ambao huwasaidia wafugaji wa kuku na nguruwe kuyageuza mabanda yao yawe ya kukuza uyoga, mboga na mimea mingineyo. Kwa maoni yangu, mpango kama huo una manufaa kuliko mabango elfu ya kuwaita wafugaji wauaji. Mwenye deni la benki hawezi kutubu bure. Wakosoaji katika sekta ya nyama husema kwamba watu hawa ni wachache mno na kwamba wanatumiwa na wanaharakati. Kuhusu uchache wao hawajakosea, lakini uchache wa wanaotoka hauwezi kuwa ushahidi kwamba waliobaki wameridhika, ikiwa mlango umefungwa kwa rehani.

Je, haya yanatuhusu sisi Wakenya? Itakuwa kichekesho kumwendea mfugaji wa Marsabit au Kajiado na hotuba ya Lyman. Kwake ng'ombe ni benki, mahari, chakula na heshima, na hana shamba la uyoga la kuhamia. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini, na waliobaki bila ng'ombe walitumbukia katika ufukara. Hawakupata ukombozi wowote.

Hata hivyo, wafugaji wetu nao wamewahi kusimama kumtetea mnyama. Baada ya vichinjio vya punda kuanza kufunguliwa nchini kuanzia 2016 ili kuuza ngozi ng'ambo, wizi wa punda ulienea. Wenyewe, wengi wao wanawake na vijana wanaotegemea punda kuchota maji na kubeba mizigo, waliandamana. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8, na ile ya 2019 ikapata karibu milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi huo 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaidhinisha marufuku ya uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Waliolianzisha suala hilo vijijini hawakuwa wamesoma vitabu vya haki za wanyama. Walimjua punda kwa kazi yake.

Upande unaofanana zaidi na North Carolina uko karibu na miji yetu. Kuku wa mayai wanazidi kuwekwa katika vizimba vya waya, na wapo wafugaji wanaopokea vifaranga na chakula kutoka kwa kampuni kwa mkataba, huku banda likijengwa kwa mkopo wa chama cha akiba. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, ipo tangu miaka ya sitini, lakini hakuna anayeipeleka katika mabanda hayo. Wala mfugaji anayetia sahihi leo haulizi jambo ambalo Watts alilijua akiwa amechelewa: siku atakaposhindwa kuendelea, iwe ni kwa sababu ya bei au ya dhamiri, nani atalipa lile banda.