Mbwa wa Teria na Kazi Yake

Mwezi uliopita jirani yangu, mkulima wa viazi hapa Elburgon, alinijia na shauri zito. Alikuwa amepewa mbwa wa aina ya teria, mweupe mwenye mabaka ya hudhurungi, akamfunga mnyororo chini ya ghala ili awe mlinzi. Mbwa akabweka usiku kucha, akararua magunia, na siku alipofunguliwa akaua kuku watatu wa mama mmoja wa jirani. Mwenyewe alitaka kumwua. Nilimsihi angoje kidogo nimweleze tabia za mnyama huyo, na niliyomweleza nawaandikia ninyi pia.

Jina hili la teria asili yake ni neno la Kilatini, terra, yaani ardhi. Mbwa hawa walizalishwa Uingereza ili waingie mashimoni kumfukuza mbweha. Aina ijulikanayo sana hapa kwetu huitwa kwa jina la kasisi mmoja wa Devon, John Russell, aliyezaliwa 1795 akafariki 1883. Yasimuliwa kwamba alipokuwa mwanafunzi Oxford alinunua jike mmoja kwa muuza maziwa, na huyo ndiye aliyekuwa chanzo cha kizazi chake. Rangi nyeupe ilipendwa kusudi mbwa asidhaniwe kuwa ni mbweha.

Kimo chake begani ni kama sentimita 25 hadi 30 tu, wala hana uzito mkubwa. Lakini ni mkaidi, hachoki, wala haogopi mnyama aliyemzidi. Mbwa wa namna hiyo asipopewa kazi hujitafutia yake mwenyewe, na wale kuku ndio waliokuwa kazi aliyoipata.

Na kazi kwetu haikosi. Katika ghala la mahindi teria humkamata panya, humtikisa mara moja akafa, kisha humrukia mwingine. Fuko naye, adui mkubwa wa viazi vyetu, humnusa chini ya udongo. Hapa lazima niseme kweli: mbwa huyu akiachwa peke yake katika shamba lenye viazi, atafukua matuta yote kumfuata fuko mmoja, na hasara yake yaweza kuzidi ya fuko mwenyewe. Mpeleke baada ya mavuno, au kando ya shamba, nawe uwe karibu na jembe. Meno ya fuko ni makali. Mbwa akiumwa puani, osha jeraha kwa maji ya chumvi.

Mwenye teria asitege sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hukawia kufa, na mbwa akimla huweza kuvuja damu ndani ya mwili siku kadhaa baadaye. Ukimwona amelegea na ufizi wake umekuwa mweupe, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Manyoya yake ni mafupi, na baridi yetu ya Julai twaijua sote. Sanduku la mbao lenye majani makavu, lililoinuliwa kidogo kutoka chini, latosha. Mabaki ya mbao hayajawa haba mjini petu. Mkague kupe masikioni na katikati ya vidole.

Tena sisi wa upande wa Molo tunafuga kondoo. Ukichinja ukaona vifuko vya maji katika ini au mapafu, usimtupie mbwa. Choma au fukia chini sana. Mbwa akila hupata tegu mdogo, na mayai ya tegu huyo yakimwingia mtoto kwa njia ya mikono michafu, vifuko vile vile humea ndani ya ini lake.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, na hata leo chaua watu. Mchanje mbwa afikapo miezi 3, kisha kila mwaka. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku iyo hiyo.

Jirani yangu alimlipa yule mama kuku wake, akampeleka mbwa kuchanjwa. Sasa humfungua asubuhi na kwenda naye shambani, na usiku humfungia ndani ya ghala pamoja na panya. Kelele zimepungua, ingawa kuku bado humpisha njia.