UCHANGANUZI: Tangazo la kazi lafichua siri ya kampuni

KIJANA wa Kongo, Kawangware, asomapo tangazo la kazi hutafuta riziki. Mshindani wa kampuni iliyolitoa hutafuta siri.

Siku hizi mshindani hahitaji jasusi. Programu ya kompyuta hupitia kurasa za ajira za wapinzani kila siku, ikihesabu nafasi, miji na ujuzi unaotakiwa. Kampuni inayosaka ghafla wauzaji wa Kisumu imefichua inakoelekea.

Microsoft ilifungua kituo cha wahandisi jijini Nairobi mnamo 2019. Aprili 2022, Google ikatangaza chake, ikiazimia kuajiri zaidi ya watu 100 katika miaka miwili. Kwa kampuni changa za humu nchini, hilo lilikuwa onyo kwamba wahandisi wao wangewaniwa.

Hata hivyo, tangazo si kazi. Kampuni inayojua inachunguzwa yaweza kutangaza nafasi hewa ili kuwapoteza wapinzani. Hasara humwangukia kijana aliyelipia uchapishaji wa wasifukazi na nauli ya kwenda mjini.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hulinda habari za mtu binafsi, wala si tangazo la kampuni. Mwajiri anayehofia kuchunguzwa na apunguze maneno, asimwongopee mtafuta kazi.