Bia Iliyochacha Ndani ya Chupa: Funzo Juu ya Mipaka ya Kipimo

Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii yaeleza vema sababu moja ya kinywaji kuharibika: sifa humlewesha mtengenezaji, naye akaacha uangalifu wake. Lakini kinywaji huweza kuharibika hata pale ambapo mgema hakutia maji, hakupunguza kimea, wala hakukusudia kumpunja mtu. Mkasa uliotokea katika jiji la Chicago, nchini Marekani, mwaka 2015 na 2016 ni mfano mzuri wa jambo hilo. Ulevi hauna nafasi shuleni, na makala hii haikusudii kuusifu. Mkasa wenyewe, hata hivyo, unastahili kufikiriwa na walimu na wanafunzi wa sayansi kwa ajili ya swali moja uliloliibua: kipimo kinaposema "hakuna", kimesema nini hasa?

Kiwanda kinachohusika ni Goose Island, kilichoanzishwa mwaka 1988 na kununuliwa na kampuni kubwa ya Anheuser-Busch InBev mwaka 2011. Miongoni mwa bia zake, iliyojipatia sifa kubwa kuliko zote ni ile nyeusi na nzito iitwayo Bourbon County. Hutengenezwa kwa kimea kingi, huchachushwa kwa hamira, kisha hutiwa katika mapipa ya mti wa mwaloni yaliyokwisha kuhifadhi wiski ya aina ya bourbon. Sheria ya Marekani yataka bourbon ihifadhiwe katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa ndani. Kwa hiyo pipa likishatumika mara moja huuzwa kwa watu wenye shughuli nyingine, wakiwamo watengenezaji wa bia. Bia hukaa humo miezi mingi, ikinyonya harufu ya vanila na ya mti ulioungua pamoja na mabaki ya wiski, na kilevi chake hupita asilimia 12. Huuzwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Novemba, siku inayofuata sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani. Watu hupanga foleni tangu alfajiri, na wengi wao huziweka chupa akiba kwa miaka kadhaa, wakiamini kwamba utamu utazidi.

Bia ya mwaka 2015 ilitoka kama kawaida. Muda si mrefu baadaye, baadhi ya wanywaji walianza kulalamika kwamba chupa zao zina ladha chachu isiyostahili. Mwezi wa Januari 2016 kiwanda kilikiri hadharani kwamba baadhi ya chupa za aina mbili, yaani ile iliyotiwa kahawa na ile iitwayo Barleywine, zimeharibika, nacho kikaahidi kuwarudishia wateja fedha zao. Baadaye katika mwaka huohuo orodha ikaongezeka, hata ikazigusa baadhi ya chupa za bia nyeusi ya asili. Aliyesababisha hasara hiyo alikuwa ni kiumbe asiyeonekana kwa macho: bakteria aitwaye Lactobacillus acetotolerans.

Hapa ndipo hukumu za haraka zilipoanzia, na hapa ndipo mwanasayansi apaswapo kujizuia. Ni rahisi kusema kwamba kiwanda kilichonunuliwa na tajiri kimeacha usafi, au kwamba tamaa ya fedha imeua ustadi. Huenda hoja kama hizo zikafaa katika mjadala wa uchumi, lakini hazielezi ni kwa nini chupa moja ilichacha na jirani yake ikabaki salama. Jambo hilo laelezwa na biolojia.

Bia kwa desturi ni makao magumu kwa vijidudu. Ina kilevi, ina asidi kidogo, haina oksijeni nyingi, na maua ya hopsi yanayoipa uchungu huzuia bakteria wengi kukua. Vijidudu vinavyogeuza pombe kuwa siki huhitaji hewa, na kwa hiyo chupa iliyozibwa sawasawa huwanyima riziki. Lakini jamii ya bakteria wa asidi ya laktiki haihitaji hewa, na baadhi yao wamezoea hata hopsi. Jamii hiyohiyo, katika mazingira mengine, ni rafiki wa binadamu: ndiyo inayogandisha maziwa kibuyuni na kuipa togwa ukali wake mtamu. Wala haikutangazwa kuwa chupa za Chicago ziliwadhuru wanywaji. Kilichoharibika ni ladha. Kijidudu kilekile huwa mfanyakazi katika chombo kimoja na mharibifu katika kingine, kutegemea kilichokusudiwa na mwenye chombo.

Kuhusu Lactobacillus acetotolerans mwenyewe, wataalamu wa Japani walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1986, baada ya kumpata katika mchanganyiko uliokuwa ukichachushwa ili kupata siki. Jina lake lina maana ya "mwenye kustahimili asidi ya siki". Sifa yake ya pili ndiyo yenye funzo kubwa zaidi: akiwa ndani ya bia huweza kuwa hai na bado akakataa kuota juu ya lishe za kawaida zitumiwazo na maabara. Mpimaji huchukua tone la bia, hulipaka juu ya agari katika kisahani, hukiweka kisahani mahali pa joto kwa siku kadhaa, kisha hutazama. Kisahani ni cheupe. Naye huandika: "Hakuna bakteria."

Maneno hayo mawili ndiyo kiini cha makala hii. Kisahani hakikusema kwamba hakuna bakteria. Kilisema kwamba hakuna bakteria aliyekubali kuota juu ya lishe ile, katika joto lile, kwa muda ule, kutoka katika tone lile. Kati ya kauli ya kwanza na ya pili pana nafasi kubwa, na humo mnaweza kupita shehena nzima ya chupa mbovu.

Nafasi hiyo hupanuka zaidi kwa sababu mbili ambazo mwanafunzi wa sekondari aweza kuzikokotoa mwenyewe. Ya kwanza ni sampuli. Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba katika kila chupa 100 moja ina kijidudu. Mpimaji akichagua chupa 10 bila upendeleo, uwezekano wa zote kuwa safi ni 0.99 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 10, yaani kama asilimia 90. Mara tisa katika kumi atatangaza ushindi, hali ubaya upo. Ili ubaya huo usimponyoke zaidi ya mara moja katika ishirini, itambidi afungue chupa zipatazo 300. Sababu ya pili ni wakati. Bakteria mmoja akigawanyika mara moja tu kwa siku, baada ya siku 10 watakuwapo 1,024, na baada ya siku 20 watapita milioni moja. Chupa iliyokuwa safi kwa ulimi siku ya kuuzwa huweza kuwa chachu wiki chache baadaye, ikiwa imetulia kabatini mwa mnunuzi aliyedhani kwamba anaihifadhi.

Pipa nalo huongeza ugumu. Chombo cha chuma husuguliwa na kuoshwa kwa maji ya moto na dawa, na uso wake ni laini. Ubao wa mwaloni una vinyweleo, nyufa na viungio, na vijidudu huweza kujificha ndani yake pasipofikiwa na brashi. Kinachompa mnywaji harufu anayoililia ndicho pia kinachompa bakteria maficho. Mtengenezaji hawezi kulitamani pipa na akalikana deni lake.

Je, ilipasa kufanywa nini? Jibu la kiwanda lilikuwa ni joto. Kuanzia bia ya mwaka 2016, kinywaji hicho hupitishwa katika joto kali kwa muda mfupi sana, kisha hupozwa upesi kabla ya kutiwa chupani. Njia hiyo ina asili ya heshima. Mwaka 1856 Louis Pasteur, akiwa mwalimu mjini Lille, Ufaransa, aliombwa msaada na mwenye kiwanda cha kutengeneza kilevi kwa viazisukari, ambaye baadhi ya mapipa yake yalikuwa yakichacha. Kwa hadubini Pasteur aliona chembe za duara za hamira katika pipa zuri, na vijiti vyembamba katika pipa bovu. Kutokana na uchunguzi wa namna hiyo ilizaliwa njia yake ya kupasha mvinyo joto katika miaka ya 1860, na kitabu chake juu ya bia kilitoka mwaka 1876. Wenye viwanda wa leo hupima kazi ya joto kwa kizio chenye jina lake: dakika moja katika nyuzi 60 za Sentigredi.

Wapo wapenzi wa bia hii waliosikitika. Hoja yao ni kwamba kinywaji kilichopashwa joto kimekufa, na kilichokufa hakikomai. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, kwa maana hamira hai husaidia kumeza oksijeni iliyobaki chupani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ukomavu wa bia nzito ni kazi ya kemia: viungo vya ladha huungana na kuachana polepole kwa miaka, wala havihitaji kijidudu cha kuvisukuma. Anayelipa bei kubwa kwa chupa ya kuweka miaka mitano ana haki ya kupata kilichokusudiwa na mtengenezaji. Bila joto hilo, anachonunua ni bahati nasibu. Kwa hiyo uamuzi wa kiwanda ulikuwa wa busara, na ungekuwa wa busara zaidi kama ungalitangulia mkasa badala ya kuufuata.

Lakini joto halikomeshi tatizo la msingi, ambalo ni uhusiano baina ya kipimo na kauli. Siku ya mauzo huwekwa na kalenda ya wafanyabiashara. Kijidudu kina kalenda yake. Palipo na shaka, chupa za sampuli ziwekwe kwanza katika joto kwa wiki kadhaa ili kilichojificha kijitokeze, na pawepo pia vipimo vinavyotafuta DNA ya bakteria bila kungoja akubali kuota. Ikiwa siku ya mauzo imefika na majibu hayajafika, basi siku ndiyo isogezwe. Aidha, kiwanda kilichokiri kosa na kurudisha fedha kilifanya jambo ambalo wengi hukwepa kulifanya, na yapasa kisemwe kwa wema katika hilo.

Kwa shule zetu jambo hili haliko mbali. Maji ya kisima hupimwa kwa njia inayofanana na hiyo: tone, lishe, joto, kusubiri, kutazama. Kipimo cha bakteria wa kinyesi kikikosa kuonyesha kitu, ni habari njema, lakini si hati ya kwamba maji hayana kiumbe chochote cha kuleta maradhi, maana baadhi ya viumbe hivyo si bakteria na havioti juu ya lishe hiyo kabisa. Kijiji kikiambiwa "maji ni safi", watoto watakunywa bila kuchemsha. Kikiambiwa ni kitu gani kilichotafutwa na kwa njia gani, kitajua bado kina wajibu gani.

Kwa hiyo mwalimu anayesahihisha daftari la maabara asiridhike na maneno "hakuna bakteria". Amrudishie mwanafunzi daftari lake na kumtaka aandike ni lishe gani, joto kiasi gani, siku ngapi, na matone mangapi. Mwanafunzi ataona anasumbuliwa kwa jambo dogo. Siku moja, hata hivyo, huenda akawa ndiye mpimaji wa kisima, wa maziwa au wa dawa, na watu wasioweza kupima wenyewe watategemea usahihi wa sentensi yake.