*TAARIFA YA TAWI: HATUTUMI MAJINA YA MAWAKALA KWA UFUNGUO WOWOTE TU*



Ofisi ya juu inasema tawi "linachelewesha kazi" kwa kugoma kutuma orodha ya mawakala. Ni kweli tumegoma.

Wiki iliyopita orodha ilikwenda kwa barua pepe, imefungwa kama tulivyofundishwa. Lakini anwani ile ina funguo mbili: wa katibu wa sasa, na wa yule aliyehama chama akaondoka na laptopu yake. Programu ikaweka wa zamani mbele, mtumaji wetu akabonyeza. Katibu akashindwa kuifungua. Anayeweza kuifungua yuko upande wa pili, na nywila ya anwani haijabadilishwa tangu enzi zake. Kosa la kuchagua ni letu, tunalikiri. Kuacha ufunguo mfu ukining'inia miezi yote si letu.

Tukajibiwa: "Achaneni na funguo, tumeni kawaida." Hapana! Ile si karatasi ya mahudhurio. Ina namba za simu, na tangu 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole huzimwa. Namba ni mtu. Yumo mama wa Kivinje ambaye meza yake sokoni inategemea hisani ya wengine.

Wala msituambie hatuna cha kuficha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa polisi nguvu ya kudai taarifa kwa anayezihifadhi. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alipandishwa kizimbani kwa kutotoa taarifa za wachangiaji wake. Wangapi kati yetu wana kifua kile?

Mtu yeyote anaweza kutengeneza ufunguo akaupa jina la katibu. Hata nahodha wa Songosongo hashushi mzigo mpaka amwone mwenyewe gatini. Basi katibu atupigie, kwa sauti tunayoijua, atusomee alama ya ufunguo wake, herufi na tarakimu zote 40, nasi tulinganishe moja moja. Ufunguo wa zamani ubatilishwe, nywila ibadilishwe. Siku hiyohiyo tutatuma.

Na kichwa cha barua hakifungwi, jamani! Mara ile mtu aliandika juu "Majina ya mawakala Kivinje", ndipo akafunga ya ndani.

Mawakala wote 14 wa orodha ile tumewapigia kuwaeleza. Wawili wamejitoa. Hatuwalaumu.

_Imetolewa na Kamati ya Tawi, Kilwa Masoko_