Tatu Nini?

Siwaelewi waandishi wa programu wanaodai kwamba kipimo kikishaandikwa kwenye maelezo pembeni ya msimbo, yametosha. Kompyuta haisomi maelezo hayo. Itajumlisha mita na futi bila hata kukohoa.

Tarehe 23 Septemba 1999 NASA ilipoteza chombo chake, Mars Climate Orbiter. Programu moja ilitoa msukumo kwa pauni-sekunde, nyingine ikaupokea kama nyutoni-sekunde: tofauti ya takriban mara 4.45. Namba ilivuka mpaka bila mashine kuikagua kipimo chake.

Mnaolalamika kwamba ukaguzi unapunguza kasi, itazameni lugha ya F#. Hukagua vipimo wakati programu inatafsiriwa, kisha huviondoa kabla haijaanza kufanya kazi. Kasi haiguswi. Basi kinachobaki ni uvivu, tena uvivu unaojiita utaalamu.

Mwambie muuza mchele "nipimie tatu", atakuuliza papo hapo: tatu nini, kilo au sado? Hapimi mpaka umjibu. Nadai kompyuta nayo iulize hivyo hivyo, na isipojibiwa, igome.