DOMO ZEGE, KICHECHE, JIKE DUME: NANI KAWAPA MADOGO LESENI YA KUGAWA UANAUME?

Kuna dogo mmoja wa kidato cha tatu huko Temeke, miaka 16. Kosa lake? Hana demu. Grupu la WhatsApp la darasa lao likampa jina: domo zege. Hata akiuliza swali la Hesabu anajibiwa kwa emoji za kucheka. Baadaye jina likapanda cheo, akawa "dume jike". Dogo akachoka. Usiku mmoja akarusha kwenye grupu skrinishoti za meseji za binti wa shule ya jirani aliyekuwa anachati naye. Meseji za kawaida tu, na siri za nyumbani kwao binti humo humo.

Kilichofuata? Dogo akawa mwamba, binti akawa kicheche. Wamechati wawili, mmoja kapigiwa makofi, mwenzake kashindwa kwenda shule wiki nzima.

Halafu wakubwa wanasema, "Utoto tu huo, watakua." Utoto gani? Nani kaanzisha utani wa "wanaume wa Dar"? Ni watu wazima, na bando zao, walioshinda mitandaoni wakitangaza kwamba anayekula chips mayai si mwanaume, anayebeba mwavuli si mwanaume. Madogo wamesoma, wamecheka, wakaenda kuutumia darasani. Mkubwa akitaniwa anazima data analala. Mtoto kesho asubuhi anakaa dawati moja na waliomcheka.

Na sheria zenyewe hazina kichwa wala miguu. Chips ni za mademu, lakini anayezikaanga kibandani mpaka usiku wa manane ni mwanaume. Kusuka ni mambo ya kike, lakini mademu kibao wa mjini wanasukwa na Wamasai, na hakuna mwenye ubavu wa kumwambia Mmasai kuwa si mwanaume. Binti akipiga danadana mtaani anaitwa jike dume, ila Twiga Stars walipokwenda WAFCON kule Morocco 2025, bendera ya taifa ilikuwa mabegani mwa mabinti haohao.

Ukichunguza vizuri, anayecheka kwa sauti kubwa kwenye hayo magrupu ndiye mwoga kuliko wote. Anacheka ili zamu isimfikie. Nyumbani anaogopa kumsaidia mama yake kuosha vyombo mchana, wana wasije wakamuona. Leseni ya uanaume inayotolewa na grupu haidumu, kila siku lazima ikatwe upya, na mara nyingi anayeilipia ni msichana. Na yule mtoto ambaye bado hajaelewa moyo wake unaelekea wapi? Huyo ndio kabisa, ananyamaza na yake, maana jina linalomsubiri analijua.

Dogo wa Temeke mpaka leo hana demu. Binti kambloku, na mtu pekee aliyekuwa anaongea naye vizuri usiku kampoteza. Kabaki na cheo cha mwamba kwenye grupu ambalo wiki hii limeshapata domo zege mwingine.

Makaka na madada mnaorusha hivyo vichekesho kila siku, mdogo wenu yupo humo humo anasoma. Mkimkuta analia chumbani, msimuulize kajifunzia wapi.

Wadau mnasemaje? Shusheni komenti, matusi wekeni pembeni.